"KOMPYUTA IMESEMA": NANI ALIYEIFUNDISHA KUSEMA?



Siku hizi katika mashamba mengi ya chai na katika viwanda vingi, lile daftari kubwa la karani limeondoka. Majani ya chai hupimwa kwa mizani ya umeme, na kilo huingia katika kifaa kidogo anachoshika karani mkononi. Langoni mwa kiwanda mfanyakazi huweka kidole juu ya mashine, nayo huandika saa aliyoingia na saa aliyotoka. Mwisho wa mwezi kompyuta hukusanya hesabu zote, hutoa makato, kisha huchapa karatasi ya mshahara.

Mfanyakazi akiona fedha zimepungua, akaenda ofisini kuuliza, mara nyingi jibu ni moja: "Kompyuta imesema." Hapo mazungumzo huisha. Mfanyakazi hurudi nyumbani akinung'unika, na karani huona amemaliza kazi yake.

Makala hii haina nia ya kuipinga kompyuta. Karani aliyechoka aliweza kuandika 17 mahali pa 71, na kompyuta haichoki. Nia yetu ni kueleza jinsi chombo hiki kinavyofikia hesabu zake, mahali hesabu hizo zinapoweza kupotoka, na namna mfanyakazi wa kawaida, mwenye kalamu na daftari, anavyoweza kuzikagua. Watu wanaotunga programu za kompyuta wanazo mbinu zao za kugundua makosa. Mbinu hizo si uchawi. Nyingine zinamfaa mchuma chai kama zinavyomfaa fundi.

PROGRAMU NI NINI?

Programu ni orodha ya maagizo. Nyapara asubuhi huwaambia watu: "Anzeni mstari huu, mkifika mwisho geukeni, mchume majani mawili na kichipukizi." Programu nayo ni maagizo ya namna hiyo, ila yameandikwa kwa ajili ya mashine. Programu ya mshahara wa mchuma chai, tukiiandika kwa Kiswahili, ingekuwa hivi:

1. Soma kilo alizochuma kila siku.
2. Zijumlishe kwa mwezi mzima.
3. Zidisha jumla hiyo kwa bei ya kilo moja.
4. Ongeza malipo ya ovataimu, kama yapo.
5. Toa asilimia 5 ya NSSF.
6. Toa kodi, kama mshahara umefika kiwango cha kutozwa.
7. Toa ada ya chama na madeni.
8. Andika kilichobaki.

Tofauti kati ya mtu na mashine iko hapa. Ukimwambia mtu, "Toa deni la shilingi elfu kumi kila mwezi," deni likiisha atakuja kukuuliza kama aendelee. Kompyuta haiulizi. Kama mtunga programu hakuandika agizo la kusimama deni linapoisha, itaendelea kukata mwaka hadi mwaka, na haitaona kosa lolote.

Kwa hiyo, asemaye "kompyuta imesema" anasema nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba kuna mtu aliyeandika kanuni, na kuna mtu mwingine aliyekubali kanuni hiyo itumike. Kanuni iliyoandikwa na mtu huweza kusomwa, kuulizwa na kurekebishwa.

SIRI YA MIZANI YA UMEME

Wako watu wengi duniani wanaopenda kutengeneza vitu vya kompyuta baada ya kazi, bila kulipwa, kwa kupenda tu. Wengine hupanda maua, wao hushika nyaya. Tusizidharau kazi hizi. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki huko Finland, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaambia wenzake kwamba anatunga programu ya kuendeshea kompyuta, na kwamba kwake ni jambo la kujifurahisha tu. Programu hiyo, iitwayo Linux, leo imo ndani ya kila simu ya aina ya Android.

Kazi mojawapo ambayo wapenzi hao huifanya mara kwa mara ni kujitengenezea mizani. Hutumia kibao kidogo cha kompyuta kiitwacho Arduino, ambacho kilianzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi. Tutaieleza kazi hiyo hapa, kwa sababu mizani ya shambani hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Ndani ya mizani kuna kipande cha chuma. Ukiweka mzigo, chuma hupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Juu ya chuma hicho kumebandikwa nyaya nyembamba. Chuma kikipinda, nyaya hunyooka kidogo, na umeme hupita kwa shida zaidi. Kifaa kingine kidogo, ambacho wapenzi wa mambo haya hukijua kwa jina la HX711, hugeuza badiliko hilo la umeme kuwa namba. Namba hiyo si kilo. Ni namba tu. Kazi ya kuigeuza kuwa kilo ni ya programu.

Mtengenezaji hufanya hivi. Kwanza huiacha mizani tupu na kusoma namba. Tuseme ni 8,200. Kisha huweka jiwe la mizani la kilo 10 ambalo uzito wake unajulikana hakika. Tuseme namba inapanda hadi 218,200. Tofauti ni 210,000 kwa kilo 10, yaani kila kilo moja ni 21,000. Basi huandika katika programu: "Soma namba, toa 8,200, gawa kwa 21,000, onyesha jibu."

Sasa mfuko wa majani unatundikwa na namba inasoma 406,150. Toa 8,200, inabaki 397,950. Gawa kwa 21,000, unapata kilo 18.95. Huo ndio uzito wa kweli.

Lakini fikiri, ndugu msomaji, kama katika programu mtu ameandika 22,000 mahali pa 21,000, kwa kukosea au kwa kusudi. Mfuko ni ule ule, chuma ni kile kile, taa za mizani zinawaka vizuri. Jibu litakuwa kilo 18.09. Gramu 860 zimepotea, na hakuna mtu aliyegusa mfuko. Katika mizani ya zamani ungeweza kuona jiwe limechongwa au mkono umepinda. Katika mizani ya umeme, kilichopinda ni namba moja iliyofichwa ndani.

KUKATA NA KUKADIRIA

Liko jambo la pili ambalo kila mtunga programu hufundishwa mapema: nini kifanyike kwa vipande vinavyobaki. Mizani inasoma 18.9. Karatasi ya mshahara inataka kilo kamili. Je, tuandike 18 au 19?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata: kila kilicho baada ya nukta hutupwa. Ya pili ni kukadiria: nusu na zaidi hupanda, chini ya nusu hushuka.

Tuchukue mchuma mmoja aliyepimiwa mara tatu kwa siku: kilo 18.9, kilo 21.4 na kilo 16.7. Jumla ya kweli ni kilo 57. Kwa njia ya kukata, kitabu kitaandika 18, 21 na 16, jumla 55. Kwa njia ya kukadiria, kitaandika 19, 21 na 17, jumla 57. Siku nyingine njia ya kukadiria itampunja kidogo, siku nyingine itampa zaidi, na mwisho wa mwezi hesabu huelekea kulingana. Njia ya kukata humpunja siku zote, wala haimpi zaidi hata siku moja.

Kukata hupoteza, kwa wastani, nusu kilo kila upimapo. Ukipimiwa mara tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni mara 78. Nusu kilo mara 78 ni kilo 39. Kama shamba lina wachumaji 200, jumla ni kilo 7,800 kila mwezi ambazo zimechumwa, zimebebwa, zimeingia kiwandani, zimekaushwa na kuuzwa, lakini hazikulipwa.

Mambo haya yamewahi kutokea hata kwa matajiri. Katika soko la hisa la Vancouver, Kanada, mwezi Januari 1982 kulianzishwa kipimo cha kuonyesha hali ya bei, kikianzia 1,000. Kila bei ilipobadilika kompyuta ilikokotoa kipimo upya, na kila mara ilikata tarakimu za mwisho baada ya nukta, vipande vidogo kuliko senti. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka hadi takriban 525, ingawa biashara yenyewe haikuwa mbaya. Walipokokotoa kwa njia sahihi, jibu lilikuwa takriban 1,099. Zaidi ya nusu ya kipimo iliyeyuka kwa kukatwa vipande ambavyo hakuna aliyevijali. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hicho haba na haba hukimaliza.

Watunga programu wazuri wana kanuni: usikate njiani. Beba vipande vyote mpaka mwisho, kisha kadiria mara moja tu. Yaani jumlisha gramu zote za mwezi, ndipo uzigeuze kuwa kilo. Kanuni hii ni fupi, haina gharama, na inaweza kuandikwa katika mkataba wa pamoja baina ya chama na mwajiri.

UZITO WA MFUKO

Mfuko wenyewe una uzito, na ni haki kuutoa. Neno linalogombaniwa ni kiasi. Kama mfuko na kamba yake ni gramu 600, na programu inatoa kilo moja kila mara, mchuma hupoteza gramu 400 kila upimapo. Kwa mara 78 hizo ni kilo 31 na gramu 200.

Tena kuna suala la maji. Majani yaliyonyeshewa ni mazito, na mwajiri hutaka kutoa uzito wa maji. Basi kuwe na kanuni inayojulikana: nani anaamua kwamba leo kuna maji, na kiasi gani kinatolewa. Kama kitufe cha "mvua" kimebonyezwa asubuhi na hakuna aliyekiondoa jua lilipotoka, kompyuta itaendelea kutoa maji hata majani yakiwa makavu. Mashine haichungulii dirishani.

SAA NA DAKIKA

Ndugu zetu wa viwandani hawapimwi kwa kilo, hupimwa kwa saa. Hapa makosa mawili hujulikana sana.

La kwanza ni la kuchanganya dakika na sehemu za mia. Mfanyakazi ameingia saa 1 kamili asubuhi, ametoka saa 9 na dakika 45 alasiri, akapumzika saa moja ya chakula. Amefanya kazi saa 7 na dakika 45. Mtu akiandika 7.45 katika kompyuta, mashine inaelewa saa saba na sehemu 45 katika mia. Lakini dakika 45 ni robo tatu ya saa, yaani 0.75. Ilipaswa kuandikwa 7.75. Tofauti ni sehemu 30 katika mia, nazo ni dakika 18. Kwa siku 26 hizo ni dakika 468, yaani saa 7 na dakika 48. Karibu siku nzima ya kazi imetoweka kwa sababu ya nukta moja.

La pili ni la zamu ya usiku. Mfanyakazi ameingia saa 4 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Kwa saa za mashine hizo ni 22 na 6. Programu iliyotungwa kwa haraka hutoa saa ya kuingia katika saa ya kutoka: 6 toa 22, jibu ni 16 chini ya sifuri. Programu nyingine ikiona jibu la namna hiyo huandika sifuri, na mfanyakazi aliyekesha huonekana hakuja kazini. Programu nzuri hujua kwamba usiku wa manane umepita, basi huongeza 24, ikapata saa 8.

Sisi tusemao Kiswahili tuwe waangalifu zaidi, maana saa zetu huanza kuhesabiwa alfajiri na za mashine huanza usiku wa manane. Anayeweka daftari lake akumbuke hivi: tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Tangu saa 1 usiku hadi saa 5 usiku, ongeza 18. Saa 6 usiku kwa mashine ni sifuri. Tangu saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa 6. Hivyo daftari lako na karatasi ya ofisi vitasomeka kwa lugha moja.

Uliza pia mashine ya langoni hukadiriaje. Kama aliyefika saa 1 na dakika 2 anahesabiwa amefika saa 1 na robo, amelipia dakika 2 kwa dakika 13 za nyongeza. Hilo laweza kuwa shauri la uongozi, lakini basi lisemwe wazi, lisifichwe ndani ya mashine.

YALIYOTOKEA UINGEREZA

Mtu aweza kusema hizi ni senti tu. Basi na tutazame yaliyowapata wasimamizi wa posta ndogo huko Uingereza.

Mwaka 1999 shirika la posta la huko lilianza kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotungwa na kampuni ya Fujitsu. Punde wasimamizi wengi wakaona kompyuta inasema fedha zimepungua. Shirika likawadai walipe kutoka mifukoni mwao. Wengine waliuza nyumba, wengine walifilisika. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi au udanganyifu, na baadhi yao walifungwa gerezani. Mahakama zilichukulia kwamba kompyuta hufanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na msimamizi mmoja peke yake angethibitishaje?

Wengi walieleza baadaye kwamba kila mmoja aliambiwa ni yeye tu mwenye tatizo hilo. Huo ndio uliokuwa mtego wenyewe. Mtu mmoja, Alan Bates, alikataa. Aliweka kumbukumbu zake, akawatafuta wenzake, wakaungana. Watu 555 walipeleka shauri mahakamani, na Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Horizon ilikuwa na makosa yaliyoweza kuonyesha upungufu wa fedha usiokuwapo. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Ilikuwa miaka 25 tangu programu ianze. Wengine walikwisha kufa.

Hakuna aliyeambiwa asome programu ya Horizon ndipo adai haki. Walichohitaji ni kumbukumbu zao na kujua kwamba hawako peke yao.

KAZI NDOGO KWA KILA TAWI

Mbinu kuu ya mtunga programu anapoijaribu kazi yake ni hii: ipe mashine swali ambalo jibu lake unalijua tayari. Jibu likitofautiana, kuna kosa. Kazi zifuatazo zote zimejengwa juu ya mbinu hiyo.

Ya kwanza: jerikeni. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Chukua jerikeni tupu, ipime, andika uzito wake. Kisha mimina maji kwa chupa ya lita moja, mara 20. Usijaze tu mpaka mdomoni, kwa sababu jerikeni nyingi za lita 20 huchukua zaidi ya lita 20. Mbele ya karani na mwakilishi wa wafanyakazi, itundike katika mizani. Ukiondoa uzito wa jerikeni, mizani isome kilo 20, au karibu sana na hapo. Kipimo hiki hakitoshi mahakamani, lakini kinatosha kujua kama kuna haja ya kumwita mkaguzi. Hapa Uganda mizani ya biashara hukaguliwa na Shirika la Taifa la Viwango, UNBS, na mizani iliyokaguliwa huwekwa alama. Itazameni alama hiyo na mwaka wake.

Ya pili: daftari. Kila siku andika tarehe na kilo za kila upimapo, pamoja na gramu, au saa ya kuingia na kutoka. Andika pale pale, usingoje jioni. Wawili watatu katika kikundi wakiweka daftari za namna moja, ushahidi wao una nguvu kuliko wa mmoja.

Ya tatu: jedwali la hesabu. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu ya kwanza ya aina hii kwa kompyuta ndogo, ambayo ukibadilisha namba moja, nyingine zote hujirekebisha. Leo ziko za bure, kama LibreOffice. Kijana yeyote wa tawi aliyesoma sekondari ataweza. Weka tarehe katika safu A, vipimo vitatu vya siku katika B, C na D, kuanzia mstari wa 2. Katika E2 andika =B2+C2+D2. Katika F2 andika =E2, na katika F3 andika =F2+E3. Nakili E2 na F3 kwenda chini hadi mstari wa 27, namba za mistari zitabadilika zenyewe. Sasa F27 ni jumla ya mwezi wa siku 26. Weka bei ya kilo katika H1, na katika H2 andika =F27*H1. Huo ni mshahara kabla ya makato. Katika H3 andika =H2*5/100, utapata mchango wako wa NSSF. Linganisha na karatasi ya ofisi.

Ya nne: mizani ya mkono. Tawi lenye fundi umeme laweza kutengeneza mizani ndogo ya Arduino kama tulivyoeleza. Haitatumika kulipia watu, maana haikukaguliwa. Faida yake ni mafunzo. Mfanyakazi akibadilisha namba ile moja ndani ya programu kwa mkono wake, akaona mfuko ule ule umepungua kilo, hatatishwa tena na taa za mashine.

Onyo moja. Msijaribu kufungua kifaa cha ofisi wala kuingia katika kompyuta ya mwajiri kwa neno la siri la mtu mwingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 huhesabu jambo hilo kuwa kosa, na mtampa mwajiri sababu ya kuwafukuza. Hamna haja ya kuiba siri. Ulizeni.

MASWALI YA KUPELEKA KWA MENEJA

Wawakilishi wapeleke maswali haya kwa maandishi:

1. Mizani inakata au inakadiria? Inafanya hivyo kila upimapo au mwisho wa mwezi?
2. Inatoa kiasi gani kwa mfuko, na kwa maji? Nani anabadilisha kiasi hicho?
3. Dakika zinageuzwaje kuwa sehemu za saa?
4. Zamu inayovuka usiku wa manane inahesabiwaje?
5. Deni likiisha, nini kinalisimamisha?
6. Nani anaweza kurekebisha namba iliyokwisha kuingia, na je, rekebisho hilo huacha alama ya jina na tarehe?
7. Je, mtakubali tuweke mfanyakazi wa mfano katika programu, mwenye kilo na saa ambazo jibu lake tunalijua, ili tuone linatoka jibu gani?

Swali la saba ndilo lenye nguvu kuliko yote. Uongozi usio na la kuficha hautalikataa, kwa kuwa makosa ya programu huweza kuwaumiza wao pia.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi haki ya kupata maelezo ya mshahara kwa maandishi, kwa lugha anayotazamiwa kuielewa. Katika NSSF, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfuko wake mwenyewe. Ulizeni NSSF taarifa ya akiba zenu mwone kama zote 15 zimefika. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazowekwa, na haki ya kupinga uamuzi mzito juu yake uliofanywa na mashine peke yake.

MWISHO

Zamani mfanyakazi aliambiwa, "Kitabu kimeandika." Wazee wetu wakajifunza kusoma kitabu. Leo anaambiwa, "Kompyuta imesema." Si lazima kila mmoja wetu awe mtunga programu. Inatosha kila tawi liwe na watu watatu wanaoweza kukaa na daftari, kukokotoa tena, na kusema kwa utulivu: "Hesabu yetu ni 57, yenu ni 55. Tuonyesheni kanuni."

Wawakilishi wa matawi wanaombwa kusoma makala hii kwa sauti katika mkutano ujao, kwa ajili ya ndugu wasiosoma, na kuchagua watu hao watatu siku hiyo hiyo. Kazi ya kwanza yao iwe ya jerikeni. Maji yapo, mizani ipo, na jibu tunalijua.